Kitufe Kipo, Ila Si Chako

Jamani hizi programu za kompyuta na matoleo yake mimi zimenishinda. Kuna ya Bure, kuna Home, kuna Student, kuna Standard, kuna Pro, kuna Business, kuna Enterprise, af kuna Ultimate, ambayo jina lenyewe linakwambia umefika mwisho hakuna zaidi, lakini subiri mwaka uishe uone kama hawajaleta kitu kingine juu yake.

Mi shida yangu ilikuwa ndogo tu. Nina faili mbili za PDF, nataka ziwe moja. Basi. Sirushi roketi mimi. Nikafungua programu, nikaingia kwenye menyu, nikakuta kazi ninayoitafuta imeandikwa pale pale, "Unganisha faili", kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia, na pembeni yake kakufuli kadogo ka rangi ya dhahabu. Nikabonyeza hivyo hivyo. Likafunguka dirisha lenye picha ya vijana wanacheka mbele ya laptop, sijui wanacheka nini, nadhani wananicheka mimi, na chini ya picha wameandika kwamba huduma hii ni ya toleo la Pro, je ungependa kupanda daraja? Majibu wameniwekea mawili: "Ndiyo, nipandishe" na "Labda baadaye". Hakuna "Hapana". Yaani hata kukataa kwenyewe inaonekana kupo kwenye Pro.

Sasa msinielewe vibaya, kinachonikera si kulipa, mtu kafanya kazi alipwe. Kinachonikera ni kwamba kitufe KIPO. Nimekishusha mwenyewe kwa bando langu, kimekaa kwenye diski yangu, kinakula nafasi yangu na umeme wangu, af kinanikodolea macho tu kama mgeni aliyegoma kuosha vyombo. Kingekuwa hakipo ningesema sawa, wenzangu hawajakitengeneza, tuwaombee. Lakini kipo!

Nina mpwa wangu anaandika programu, ndo kazi yake, nikampigia nimwage malalamiko.

"Anko, hizo zote ni programu moja," akasema.

"Zipi?"

"Zote. Ya bure, ya Pro, ya makampuni. Kinachobadilika ni leseni. Ukiweka namba ya leseni programu inaangalia we ni wa daraja gani, inafungua hiki, inafunga kile."

"Kwahiyo walitengeneza kitu kizima kwanza."

"Ndio, anko."

"Af wakakaa wakakifunga."

"Ndio."

"Na kufunga nako ni kazi?"

Akacheka huyo. Akasema tena ni kazi kweli kweli, kuna wakati kufunga kitufe kunakula siku nyingi kuliko kukitengeneza, kwa sababu lazima ujaribu kila toleo uone linakataa pale linapotakiwa kukataa, na lisikatae pale ambapo mtu kalipa, na mjanja asipate njia ya kupita uani. Nikanyamaza kwanza. Yaani kuna mtu kasoma, ana digrii ukutani, ana kiti cha kuzunguka, analipwa mshahara mzuri kila mwezi, na kazi yake ni kuhakikisha mimi sipati.

Nikadhani ni tabia za siku hizi. Wapi! Kuna injinia mmoja Mfaransa, Jules Dupuit, aliyaandika haya mwaka 1849, enzi hizo kompyuta hata kwenye ndoto haimo, yeye alikuwa anazungumzia treni. Watu walikuwa wanashangaa kwanini mabehewa ya daraja la tatu hayana paa, wakati paa si gharama ya kumfilisi mtu. Akaeleza kwamba paa si tatizo, na wenye reli hawana ugomvi wowote na maskini, ila wanaogopa yule mwenye uwezo wa daraja la pili akichungulia akaona kule nyuma pako vizuri tu, atahamia. Kwahiyo abiria wa nyuma analoweshwa na mvua ili wa mbele aogope kurudi nyuma. Mnaona? Mvua yote ile haikuwa inamhusu hata kidogo, ilikuwa ujumbe kwa mtu mwingine. Nami kakufuli kangu kale ka dhahabu hakanihusu, kamewekwa ili bosi fulani wa kampuni fulani asije akatumia ya bure.

Na walioendeleza mchezo huo baada ya treni ndo wameufanya kwa ufundi hasa. Mwaka 1990 IBM walikuwa na printa yao ya leza inayotoa kurasa 10 kwa dakika, wakataka na ya bei nafuu, wakatoa LaserPrinter E inayotoa 5. Utasema labda ya bei nafuu ina mota dhaifu. Haina! Mashine ni ile ile, walichofanya ni kuiongezea maelekezo ya kuisubirisha. Hebu piga picha, printa ina nguvu zake zote, ina karatasi, ina wino, imesimama inahesabu sekunde kwa sababu mwenye nayo hakulipa vya kutosha. Mwaka 1991 Intel nao wakaleta prosesa, yaani ile chipu ambayo ndo ubongo wa kompyuta, ya 486SX, ambayo ni ile 486DX yao isipokuwa sehemu ya hesabu za desimali haifanyi kazi. Ukitaka hizo hesabu unanunua chipu ya pili, 487, unaichomeka pembeni ukijua unaongezea tu kakitu. Kumbe ile 487 ni prosesa kamili yenyewe, ukishaichomeka inaizima ile ya kwanza na kufanya kazi zote peke yake! Sa una prosesa mbili ulizolipia, moja inapiga kazi, moja ni marehemu hapo hapo ndani ya kasha. Mi nilivyosoma hii niliinuka nikaenda kunywa maji.

Windows NT 4.0 ya mwaka 1996 nayo iliuzwa kama Workstation, ya kompyuta ya mtu mmoja, na kama Server, ya kuhudumia kompyuta nyingine, na Server ilikuwa ghali zaidi kwa mbali. Wajuzi wakaingia ndani, wakakuta kiini ni kimoja, mfumo unasoma mipangilio michache kwenye rejista, lile daftari lake la ndani la mipangilio, ndo unajijua leo mimi ni nani.

Lakini kwangu mimi mshindi wa wakati wote ni Windows 7 Starter ya 2009, ile iliyokuwa inakuja kwenye vile vilaptop vidogo. Hiyo ilikuwa haikuruhusu kubadilisha picha ya nyuma kwenye skrini. Picha tu! Si usalama, si mtandao, si hesabu za benki. Nikiwaza hilo jambo naona kabisa kikao, watu wazima wamekaa mezani na kahawa zao, mwenyekiti anauliza jamani hawa wa Starter tuwanyime nini, mmoja anasema tuwanyime kasi, anaambiwa hapana kasi wataisema vibaya kwenye magazeti, mwingine anasema tuwanyime intaneti, hapana bwana hiyo ni ukatili, af kuna mmoja kwenye kona hajaongea tangu asubuhi anainua mkono taratibu anasema, tuwanyime picha ya mjukuu. Wakapiga makofi. Na walikuwa wametoka mbali maana Windows XP Starter, ya zamani zaidi, ilikuwa inakuruhusu programu tatu tu kwa wakati mmoja, ukitaka kufungua ya nne funga moja kwanza. Kwa Windows 7 walipanga kuirudisha hiyo sheria ya tatu, wakaifuta kabla haijatoka. Ndo wakabaki na mjukuu.

Na msidhani gari liko salama. Tesla waliwahi kuuza gari la umeme, Model S 60, ambalo ndani lina betri ya kilowati-saa 75, hizo zinazozidi 60 zimefungwa kwa programu, lipa ufunguliwe. Unatembea na betri nzito, unaibeba mlimani, matairi yanaisha kwa uzito wake, ila umeme wake wote huruhusiwi. Septemba 2017 kimbunga Irma kikaja Florida, watu wanakimbia, kampuni ikawafungulia wote kwa mbali ili wafike mbali zaidi. Wema huo, nausifu. Af kimbunga kikapita, wakafunga tena. Hapo sasa sijui nishukuru au nilie.

Nikamrudia mpwa wangu, nikamwambia nyie watu ni wabaya. Akaniambia anko tulia nikupe hesabu. Tuseme kuna wateja kumi. Mmoja ni kampuni, yuko tayari kutoa 100. Tisa ni watu kama wewe, mwisho wao 10. Kutengeneza programu ya kwanza ni gharama ya kuua mtu, ila nakala ya pili hadi ya milioni haigharimu karibu chochote. Ukiuza 100, ananunua mmoja, unapata 100 na wale tisa wanabaki mikono mitupu. Ukiuza 10, wananunua wote kumi, unapata 100 ile ile. Ukiuza matoleo mawili, kampuni inatoa 100 na tisa wanatoa 90, jumla 190, na kila mtu ana programu.

Nikatafuta kosa, sikuliona. Nikauliza, sa hiyo kampuni ina wazimu gani itoe 100 wakati ya 10 ipo? Akasema hapo ndo penyewe anko, lazima ya 10 ikose kitu ambacho kampuni haiwezi kuishi bila hicho. Yaani ni lile paa linang'olewa.

Hesabu hiyo imeniuma kwa sababu ni ya kweli. Mwanafunzi anapata toleo la Student kwa bei ya kuchekesha, na wanaomlipia ni makampuni, mi siwezi kusimama hadharani nikasema hilo ni dhambi. Windows Home haina BitLocker kamili, ile ya kufunga diski kwa siri, haikubali kuingiliwa kwa Remote Desktop, yaani kuitumia ukiwa kwenye kompyuta nyingine mbali, na wengi walionayo hawajui hata kama hivyo vitu viko duniani, wanalala usingizi mzuri. Ondoeni tu. Ondoeni na mjukuu mkitaka.

Nisichokubali, na hapa sitanii, ni wanaponyima vitu vya usalama. Kuna mpango wa kampuni kuingia kwenye programu zake zote kwa akaunti moja, SSO wanaita, mfanyakazi akiondoka unafunga akaunti moja na milango yote inajifunga. Kitu cha maana hicho hata kwa kampuni ya watu watano. Nenda kakitafute uone kiko wapi, kwa wauzaji wengi kiko kule juu kabisa kwenye Enterprise, mpaka watu wa usalama wakakipachika jina la kodi ya SSO. Na 2023 wadukuzi waliingia kwenye barua pepe za ofisi za serikali ya Marekani zilizokuwa kwenye mfumo wa Microsoft, waliogundua ni Wizara ya Mambo ya Nje, na waligundua kwa sababu walikuwa wanalipia daraja la juu lenye kumbukumbu za kina za nani kafungua nini. Wenye daraja la chini kumbukumbu hizo hawakuwa nazo, mwizi anaingia anatoka we unajua ni upepo. Kelele zilipopigwa, Julai ile ile Microsoft wakatangaza watazifungua kwa wengine bila kuwaongezea malipo. Kwahiyo kumbe inawezekana! Kumbe ni swichi tu!

Basi nikaenda kwenye ule ukurasa wa bei, mnaujua, nguzo tatu zimesimama, ya kushoto ina tiki chache na maandishi ya huruma, ya katikati imepakwa rangi, imeinuliwa juu kidogo na imevikwa utepe "Inayopendwa zaidi", sijui inapendwa na nani maana hapo hawajasema, na ya kulia haina bei kabisa, imeandikwa "Wasiliana nasi". Kitu kisicho na bei ni kwamba wanataka kwanza waone umevaa viatu gani.

Nikasema leo nawasiliana nao. Fomu ikauliza jina la kampuni, nikaandika jina langu. Ikauliza cheo, nikaandika Mkurugenzi Mtendaji, mbona nyumbani naendesha mambo. Ikauliza idadi ya wafanyakazi, chaguo la chini kabisa lilikuwa watu 100 na kuendelea, nikachagua hilo hilo, ningefanyaje.

Tangu hapo nimepata rafiki. Kijana wa mauzo, ana adabu kweli, ananiita mheshimiwa, kila asubuhi anataka kujua nimeamkaje na mipango yangu ya ukuaji ikoje. Kakufuli kale bado kapo, ila yeye kaniahidi punguzo nikisaini miaka mitatu kwa watumiaji wote. Jana kaandika kwa upole sana akiuliza kama bodi yangu ya wakurugenzi imeshakaa kulijadili. Nimemjibu ilikaa, ila akidi haikutimia.