Taa kumi na sita za nini sebuleni?

Pita usiku kwenye mitaa inayojengwa sasa Dar es Salaam, kule Goba, Madale au Kibada, uangalie madirisha. Nyumba nzuri, dari ya jipsamu imepandishwa ngazi mbili, halafu sebule inawaka nyeupe pee kama duka la dawa. Wenyewe wapo kwenye sofa wanatazama taarifa ya habari huku wamekunja macho. Baada ya miezi michache ya adha hiyo ndipo mtu anaanza kuulizia taa za kupunguza mwanga.

Dima, ile swichi ya kupunguza na kuongeza mwanga, naipenda, na jioni naitumia. Ila kwa mwenye bajeti ya kawaida naiweka nafasi ya tatu. Ya kwanza ni rangi ya mwanga. Ya pili ni idadi ya taa na jinsi zilivyogawanywa kwenye swichi. Aliyekosea hayo mawili akanunua dima atakuwa ameongeza gharama tu, na macho yataendelea kuuma.

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Balbu ya zamani ya waya ukiipunguzia umeme ilizidi kuwa ya njano hadi ikakaribia rangi ya chungwa, na ndiyo maana ilipendeza ikififia. LED ya kawaida haina tabia hiyo. Ile ya 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikiwa ndogo mwanga ni wa njano, ikiwa kubwa ni mweupe), ambayo madukani wanaiita deilaiti, ukiififisha inabaki na weupe wake wenye ubuluu, ila hafifu. Chumba kinapooza, sura za watu zinakuwa za kijivu, hata pilau mezani halitamaniki. Kwa sebule tafuta 2700K au 3000K. 4000K mimi naiachia jikoni. Karibu na namba hiyo huwa kuna nyingine, CRI, inayoeleza rangi za vitu zitaonekana kwa uhalisi kiasi gani chini ya taa hiyo. 80 inatosha, 90 ni raha. Katoni isiyotaja CRI kabisa huwa nairudisha kwenye rafu.

Sasa idadi. Chukua sebule ya mita 4 kwa 5, yaani mita za mraba 20. Kwa mwanga wa kukaa na kuongea, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 100 hadi 150 kwa kila mita ya mraba zinatosha, kwa hiyo unahitaji kama 2,000 hadi 3,000 kwa chumba kizima. Daunlaiti, yaani taa ya kuzamishwa darini, ya LED ya 7W iliyotengenezwa vizuri hutoa lumeni 500 na ushee. Taa tano au sita, kazi imekwisha. Lakini fundi anakuchorea kumi na sita za 12W kwa sababu dari "itapendeza", na hapo umevuka lumeni 15,000. Huo ni mwanga wa kuwatosha wahasibu wakifunga mahesabu ya mwaka. Halafu unaambiwa ununue dima ya kupunguza mwanga ambao hukuuhitaji tangu mwanzo.

Ushauri wangu kwa aliyebanwa ni huu: nunua sita za 3000K, zigawe kwenye swichi mbili. Nne zikae upande wa meza na viti, mbili zisogee karibu na ukuta, sentimita 60 hadi 90 hivi kutoka ukutani, zimulike pazia au picha. Wageni wakija unawasha zote. Ukiangalia mpira unabaki na zile mbili. Gharama iliyoongezeka ni waya kidogo na swichi ya vitufe viwili, na hakuna kitakachopepesa. Kwa nyumba nyingi ninazozijua, hapo mjadala ungeishia.

Kwa anayetaka dima kwelikweli, kazi iko Kariakoo. Ukisema unataka daunlaiti inayopunguza mwanga, kuna uwezekano mkubwa upewe taa ya rangi tatu. Muuzaji anaiunga, anazima na kuwasha haraka: nyeupe. Anazima tena na kuwasha: njano. Mara ya tatu inakuja rangi ya katikati. "Dada, si umeona inabadilika?" Imebadilika kweli, lakini kilichobadilika ni rangi, mwanga uko palepale. Ni taa nzuri kwa familia isiyokubaliana kuhusu rangi, ila ukiifunga kwenye dima itapepesa, na draiva yake, inayoilisha umeme, inaweza kuungua. Neno la kutafuta ni dimmable, yaani inayokubali kufifishwa, na ulitafute kwenye draiva yenyewe, kile kiboksi kidogo chenye waya kinachokaa juu ya dari. Katoni huandikwa mengi.

Kwenye draiva hiyohiyo soma volti. Draiva nyingi za kawaida huandikwa 85–265V, kwa hiyo umeme ukipungua jioni zinaendelea kama hakijatokea kitu. Zile za dima nyingi ni 220–240V tu. Kama mtaani kwenu umeme mdogo ni desturi kuanzia saa moja usiku, ujue taa hizi zitayumba hata dima ikiwa nzuri.

Dima yenyewe ndiyo inayowatoa watu jasho. Nyingi zilizojaa madukani zilibuniwa kwa balbu za waya, na utasifiwa ukubwa: "Hii ya 500W, hata ukumbi inabeba." Ukubwa si tatizo lako. Dima za namna hiyo mara nyingi zinataka mzigo wa angalau 40W au 60W ndipo zitulie, na wewe taa zako nne za 7W ni 28W. Matokeo yake taa zinapepesa, zinanguruma, au zinakataa kuwaka ukishusha chini. Tafuta dima iliyotaja LED na kuandika kiwango cha chini, kwa mfano kuanzia 5W. Kuna zinazokata mwanzo wa wimbi la umeme na zinazokata mwisho wake; LED nyingi hupatana na hizi za pili, ambazo huandikwa trailing edge. Na kwa kuwa masanduku mengi ya swichi kwetu yana waya wa moto na ule unaoupeleka umeme kwenye taa tu, waya wa nyutro umebaki juu darini, nunua dima ya waya mbili. Zile za kuendesha kwa simu nyingi zinadai nyutro, na hapo fundi ataanza kuchimba ukuta ulioshapigwa rangi.

Usilipe kabla ya kujaribu. Mwambie muuzaji aunge dima pamoja na taa zote utakazofunga kwenye swichi hiyo. Ishushe taratibu mpaka mwisho, sogeza sikio usikilize kama inanguruma, kisha elekeza kamera ya simu kwenye taa. Michirizi mieusi mizito ikitembea kwenye skrini, draiva hiyo inapepesa hata kama jicho halioni. Uliza pia inashuka hadi asilimia ngapi. Jicho letu linadanganyika: mwanga ulioshuka hadi asilimia 25 tunauona kama nusu. Taa inayokomea asilimia 25 itakuudhi siku ya filamu. Inayofika 10 au chini ya hapo ndiyo ya kulipia.

Kwa bei, mimi nafuata fremu tupu yenye soketi ya GU10 (ile ya balbu ndogo yenye pini mbili), halafu balbu ya GU10 inayokubali dima. Ikiungua unachomoa balbu, unaweka nyingine, fremu haiguswi. Zile ambazo taa na fremu ni kitu kimoja zinakulazimisha kutafuta nyingine yenye kipenyo kilekile, na tundu la jipsamu likishakatwa pana halirudi kuwa dogo. Kwa hiyo taa zinunuliwe kabla fundi wa dari hajashika kikatio chake.

Yale masaa 50,000 yanayoandikwa kwenye katoni yapunguze kichwani. Chipu ya LED inaweza kuyafikisha, lakini draiva inakaa chini ya bati la Dar mchana kutwa, na kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji) zilizomo ndani hupoteza karibu nusu ya umri kwa kila nyuzi 10 za joto linaloongezeka. Nyumba isiyo na matundu ya hewa darini itakula draiva.

Kuhusu LUKU, usinunue dima kwa ajili hiyo. Taa sita za 7W zikiwaka masaa matano kila usiku hazifiki hata uniti saba kwa mwezi. Ukizififisha utaokoa uniti mbili tatu, na hiyo haifidii bei ya dima.

Ukishapata zinazokufaa, ongeza mbili za akiba kutoka katoni ileile. Mwakani modeli hiyohiyo inaweza kuja na njano tofauti kidogo, na darini tofauti hiyo inaonekana ukiwa mlangoni.