Betri ya Kumshusha Mama ni ya Hiari

Leo asubuhi, kabla sijanywa hata nusu kikombe cha chai, yule kijana anayetaka kuniuzia lifti amenitumia profoma yake ya mwisho. Nikavaa miwani, nikaketi kwa utulivu, nikaisoma kuanzia juu. Kioo cha ukuta mzima kimo ndani ya bei. Taa za buluu za darini zimo. Muziki wa taratibu umo. Kisha, chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo kwa mtu wa umri wangu ni matusi, kuna kichwa kisemacho "Vifaa vya Hiari", na chini ya kichwa hicho imeandikwa betri ya kuishusha lifti umeme unapokatika. Ya hiari! Katika mji huu! Yaani mama yangu mzazi atakwama gizani kati ya ghorofa mbili, pamoja na kioo cha ukuta mzima ambacho hataweza kujiona ndani yake.

Naomba nieleweke kwamba sisi si matajiri. Nyumba yetu ya Goba, Dar es Salaam, tumeijenga kwa namna ambayo kila mtu anaifahamu, na wale waliohamia kabla ya madirisha wananielewa zaidi. Chini tumepangisha fremu: kuna saluni, kuna duka la dawa, kuna wakala wa pesa, na wote wamekwishalipa kodi ya mwaka mzima, na kodi hiyo imekwishaliwa. Wenye nyumba tunaishi juu, ghorofa ya kwanza na ya pili, na mama, ambaye magoti yake yamekwishaandika barua ya kustaafu, hatuwezi kumtandikia kitanda kati ya viti vya kusukia. Ndiyo maana watoto wetu walioko nje ya nchi walijadiliana kwenye kundi la familia, wakapitisha azimio kwamba bibi apatiwe lifti ya kisasa. Wao watalipa. Mimi nimeteuliwa kuwa mchaguaji, wadhifa ambao hauna posho wala nauli.

Niliupokea wadhifa huo kwa uzito unaostahili, nikaanza kwa kusoma. Nimejifunza kwamba mwaka 1854, kwenye maonyesho ya New York, Elisha Otis alipanda jukwaa lililoning'inizwa juu ya watu, akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likabaki pale pale kwa sababu breki alizozibuni ziling'ang'ania reli za pembeni. Miaka 3 baadaye lifti yake ya abiria ilikuwa ikifanya kazi katika jengo la duka huko Broadway, na mwaka 1880 Werner von Siemens akaonyesha lifti ya umeme mjini Mannheim. Ona sasa: Otis alikatisha kamba mbele ya umati akiwa mwenyewe juu ya jukwaa. Wauzaji wa kwetu nimewaomba wazime swichi tu, tena mimi ndiye niwe ndani, nao wananiletea soda.

Katika duka la kwanza tulionyeshwa lifti ya bomba, ambayo ni mviringo na kuta zake zinaonyesha ndani. Pampu hunyonya hewa iliyo juu ya chumba cha abiria, na hewa ya chini inakisukuma kwenda juu. Lazima niitendee haki: haihitaji shimo, na umeme ukikatika inateremka polepole yenyewe mpaka chini. Lakini ile ndogo kabisa ina kipenyo cha sentimita 75, na mama alipoiangalia alisema kwamba hajawahi kuingia kwenye chupa na hataanza uzeeni. Duka la pili walikuwa na ya skrubu, inayopanda kwa sentimita 15 kwa sekunde, na ambayo abiria lazima abonyeze kitufe bila kuachia mpaka afike. Kwa mita 6 za nyumba yetu hizo ni sekunde 40 za kubonyeza, na mtu anayebonyeza ana vidole vinavyouma kuliko magoti. Duka la tatu walitaka kutuuzia ya kamba na uzito wa kusawazisha, nzuri na tulivu, ila injini waliyokuwa nayo ilidai umeme wa njia tatu, wakati sisi tuna wa njia moja na LUKU inayolia kila jioni. Huko ndiko mke wangu alipouliza kwa upole swichi kuu ilipo, na wahudumu wote wakasimama mbele ya ukuta mmoja.

Tukaangukia kwa kijana huyu wa profoma, mwenye tai nyekundu na lifti ya mafuta. Akasema kabla ya yote lazima mhandisi wao aje kupima shimo ambamo lifti itapita kutoka chini hadi juu, kwa sababu ramani yetu ilikuwa na nafasi ya lifti tangu mwanzo, na nafasi hiyo fundi wetu aliijenga kweli. Kwa miaka yote imetumika kuhifadhi mabati yaliyobaki, baiskeli isiyo na gurudumu na, kwa kipindi fulani ambacho mke wangu hapendi kukizungumzia, kuku.

Nilimwita fundi kwa adabu tu, kwa kuwa si vizuri kazi ya mtu ikaguliwe akiwa hayupo. Alikuja na timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima, mfukoni, maana aliposikia neno leza alihisi ameshitakiwa. Mhandisi akaweka kifaa chake sakafuni, mstari mwekundu ukapanda ukutani, akaandika, akapima tena, akasafisha koo, akasema kwamba kutoka chini hadi juu shimo limepinda kwa sentimita 6.

"Ukuta haujapinda," fundi alijibu bila kupandisha sauti. "Kifaa hicho ndicho kilichopinda."

Akapanda ngazi mpaka juu kabisa ili kutuonyesha ukweli, akateremsha timazi, na uzi ule ukashuka vizuri mpaka karibu na ghorofa ya kwanza, ambako uligusa ukuta na kulala juu yake. Tukanyamaza wote. Kutoka juu ikasikika sauti ya fundi ikisema kwamba huo ni upepo. Mhandisi akamkumbusha kwamba tumo ndani ya shimo lenye kuta nne. Fundi akafafanua kwamba ni upepo wa bahari, ambao una tabia ya kuingia popote. Na hapa ni Goba, ambako bahari tunaisikia kwa jirani anayeuza samaki.

Kufikia hapo saluni yote ilikuwa imetoka nje, pamoja na mteja aliyesukwa upande mmoja wa kichwa, na wakala wa pesa alikuwa amefunga dirisha lake akiwaambia watu kwamba mtandao uko chini. Mhandisi, ambaye nilianza kumpenda kwa uvumilivu wake, alieleza kwamba reli za lifti lazima zisimame wima kabisa, kwamba vishikizo vyake vinaweza kufidia kasoro ndogo ya ukuta, lakini vya kwake havifikii sentimita 6. Dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria akatikisa kichwa kwa kuafiki. Fundi akatafakari, kisha akatoa pendekezo lake la kitaalamu:

"Basi lifti yenyewe ipindishwe kidogo, ifuate nyumba."

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki pembeni, kwa kuwa aliteremshwa asubuhi na vijana wawili na hakukuwa na mpango wa kumpandisha kabla ya jioni. Akauliza kama huyu ndiye yule aliyetujengea jiko ambalo sufuria huhama yenyewe kuelekea dirishani.

"Shikamoo mama," fundi alisema haraka.

"Marahaba, mwanangu. Na jiko?"

Mazungumzo yakahamia chini. Mhandisi alihitaji shimo la sakafuni lenye kina cha sentimita 15 tu, jambo ambalo lilinifurahisha mpaka mabati yalipoondolewa. Fundi, kwa bidii ambayo hakuna mtu aliyemtuma, alikwishachimba zaidi ya mita moja, na mvua za masika zilikuwa zimejaza, na ndani yake kulikuwa na vyura wenye afya njema. Mhandisi akauliza kwa sauti ya chini maji hayo ni ya nini. Fundi akasema hilo ni tangi la akiba, na kwamba hakututoza hata senti. Akaelezwa kwamba maji na nyaya za lifti havikai chumba kimoja, kwamba tangi hilo lijazwe, limwagwe zege lenye dawa ya kuzuia unyevu, na ukuta uliotoka nje upunguzwe. Uso wa fundi ukang'aa, kwa sababu hatimaye lilikuwa limetajwa jambo lenye malipo. "Tutatindua," alisema, na kutoka hapo kila swali lililoulizwa, likiwemo la mlango kuwa na upana wa angalau sentimita 80 ili kiti cha magurudumu kipite, lilijibiwa kwa neno hilo hilo.

Nikaona niulize swali langu mbele ya mashahidi wote hao: umeme ukikatika mama akiwa katikati, nini kinatokea? Kijana wa tai akafungua mdomo kunieleza habari za taa. Mhandisi akamtangulia. Alisema lifti ya mafuta hutumia pampu wakati wa kupanda tu. Wakati wa kushuka valvu hufunguka, mafuta yanarudi kwenye tangi lake, na chumba kinateremka kwa uzito wake chenyewe. Kwa hiyo betri ndogo inatosha kuifungua valvu hiyo, abiria akafika chini na kufunguliwa mlango. Ndiyo hiyo, ndugu zangu! Jibu la sentensi tatu, linaloeleweka hata kwa dereva wa bodaboda, nimelitafuta kutoka Mikocheni mpaka Kariakoo nikipewa soda. Na betri yenyewe ndiyo hiyo niliyoikuta leo asubuhi kwenye hiari. Kwa maoni yangu, ambayo hayajaombwa na mtu yeyote, hiari ni kioo. Hiari ni muziki. Mtu anayepanda mita 6 anahitaji wimbo wa nini? Hata beti moja haiishi!

Bei sitaitaja, kwa sababu mke wangu naye husoma. Nitasema tu kwamba kanuni za mwaka 2025 zinataka bei za ndani ya nchi zitajwe kwa shilingi, na kijana ameandika shilingi kwa utiifu mkubwa, lakini akipiga simu anazungumza dola. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haimo. Matengenezo ya mwaka wa kwanza yamo, ya mwaka wa pili yatajadiliwa, na nilipouliza vipuri vinakaa wapi aliniambia vinaagizwa, akionyesha kwa mkono upande wa bandarini kwa jumla. Nimemwandikia kwamba sisaini kitu mpaka betri ipande juu ya kioo kwenye orodha, na jina la fundi atakayekuja ikikwama liandikwe, na fundi huyo awe anaishi mkoa huu.

Kwenye kundi la familia, hata hivyo, hakuna anayejadili betri. Wanajadili sauti. Lifti hiyo inatamka ghorofa unapofika, nayo imekuja na Kiingereza na Kichina. Wajukuu wanataka Kiingereza, mke wangu anataka Kiswahili, na mama aliposikilizishwa mfano kwenye simu alihoji inawezekanaje binti mdogo kama huyo amwambie mlango unafungwa bila kumwamkia kwanza. Mwenye saluni amejitolea kurekodi sauti yake bure, na shikamoo itakuwamo, kwa sharti kwamba lifti ikifika chini iseme pia kuwa hapa ndipo panaposukwa rasta kwa bei nafuu. Nilitarajia mama akatae. Anauliza kama naye atakuwa anasukwa bure.