Bushi Mpya Ikifa Mapema, Tuanze na Jeki

Kwenye gereji za Ngamiani, Tanga, ubishi wa bushi za mikono ya chini hauishi. Mkono huo ni chuma kinachounganisha gurudumu na mwili wa gari, na bushi ni kiungo chake cha raba upande wa mwili wa gari. Raba ikichoka, gari linaanza kuyumba ukishika breki, mbele panagonga kila shimo, tairi zinalika upande mmoja. Wapo wasemao toa bushi peke yake, ingiza mpya kwa presi, ile mashine ya kukandamiza. Wengine wanasema nunua mkono mzima, kwani bushi za kubadilisha hazidumu.

Wanaotaka mkono mzima wana hoja. Mara nyingi huja na bushi na boljointi yake, yaani kiungo cha upande wa gurudumu, kazi inakwisha upesi, wala hakuna hofu ya presi kupinda chuma. Boljointi ikiwa na mchezo, yaani imelegea, kubadilisha bushi tu ni kuiacha hatari ilipo, maana ikichomoka mwendoni gurudumu linalala. Mkono uliopinda au ulioliwa na kutu nao uende. Hapo sibishani na mtu.

Ila hii ya bushi kutodumu inawatoa watu fedha bure, na mafundi wazuri wa presi wanapata jina baya wasilostahili.

Bushi ya kawaida ni bomba la chuma ndani ya bomba jingine, na katikati pana raba iliyogandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Haizunguki kama beringi. Boliti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa palepale. Mkono ukipanda na kushuka, raba ndiyo inayojisokota na kujirudisha. Sasa tazama kazi inavyofanywa. Gari liko juu ya jeki, gurudumu limefunguliwa, mkono unaning'inia. Fundi anakaza boliti mpaka mwisho, anarudisha gurudumu, anashusha gari. Uzito ukikaa tu, mkono unapanda na raba inasokoteka kabla gari halijatoka gereji. Inashinda imesokotwa, inalala imesokotwa. Likija kubeba machungwa Muheza, kila shimo la njia ya vumbi linaongeza msokoto juu ya ule wa kwanza. Raba gani itavumilia hayo?

Na mkono mzima ukifungwa hivyo hivyo, raba yake itachanika hivyo hivyo. Hili ndilo halisemwi dukani.

Mimi nilibadilisha bushi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, nikilaumu spea. Mara ya tatu nikamwambia, "Fundi, naomba usikaze sasa, tushushe kwanza." Akaziacha boliti zimeshika kidogo, akashusha gari, akalisukuma mbele na nyuma likae sawa, kisha akaingia kwenye shimo la gereji, chini ya gari, kukaza. Pasipo na shimo, mkono huinuliwa kwa jeki ya pili mpaka ubebe uzito wa gari, ndipo boliti zikakazwa. Haikuchukua hata nusu saa zaidi. Huu ni mwaka wa tatu, na tairi za mbele zinalika sawasawa.

Mkono wa mtumba nao usidhaniwe ni njia ya kati. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa stoo, kwa joto na hewa tu, na bushi iliyokuja na mkono huo huenda ina umri sawa na uliyoitoa. Nyufa nyembamba za juu juu si kifo. Tazama kama raba imeachana na chuma.

Jingine ni mafuta. Bushi nyingi hutengenezwa kwa raba asilia, ya utomvu wa miti kama ile ya shamba la Kihuhwi kule Muheza. Inastahimili kusokotwa kwa namna ya ajabu, lakini oili huivimbisha na kuilainisha. Kwa hiyo fundi akitaka kuipaka grisi au oili chafu ili ipite kwenye presi, mwombe atumie maji ya sabuni. Bushi itateleza vizuri, na sabuni itakauka.