Cheti cha Kidato cha Nne Kabatini, Deni la Karo Daftarini

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya, siku hizi hayasubiriwi shuleni. Waziri akishayatangaza tu, mtahiniwa aliye Kisauni au Changamwe hapa Mombasa anaingiza nambari yake ya mtihani na jina kwenye tovuti ya KNEC, baraza la mitihani, na kabla chai haijapoa nyumba nzima imeshajua. Kuna nyumba za vigelegele, na kuna nyumba ambazo kijana alitarajia B akakuta D+, mlango wa chumba ukafungwa. Hayo hupita. Yanayokaa miaka ni ya baadaye, vyeti vyenyewe vinapofika shuleni na mhasibu akafungua daftari la karo kuona nani anadaiwa.

Je, shule ina haki ya kukaa na cheti cha mtoto kwa sababu kwao hawakumaliza karo? Sheria imejibu kwa ufupi. Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya 2012, katika kifungu cha 10, inakataza mtu yeyote au taasisi yoyote kumzuilia mtahiniwa cheti chake. Haina “isipokuwa anadaiwa”. Mawaziri wa elimu nao, mmoja baada ya mwingine, wameamuru vyeti vitolewe. Makabati bado yamejaa. Jambo likikatazwa na sheria na mawaziri na bado likaendelea, basi kuna anayeona linamfaa, na ni haki kumsikiliza yeye kwanza.

Mwalimu mkuu atakwambia dawa ya deni ni kulipa, na hapo hana kosa. Hesabu zake ziko hivi. Serikali iliahidi kutoa Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya umma, zigawanywe asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba bajeti iliyopo inatosha Sh16,900 hivi. Shule yenye wanafunzi 600 ikikosa tofauti hiyo, pengo ni zaidi ya Sh3.2 milioni kwa mwaka. Kumbuka hizo ni fedha za serikali tu, hatujagusa deni la mzazi hata mmoja.

Katika shule ya bweni mzazi ndiye anayebeba chakula na malazi. Kwa shule za kitaifa kiwango kilichowekwa na wizara ni Sh53,554 kwa mwaka. Fedha hizo ndizo zinazonunua mahindi, maharagwe, kuni na sukari. Ndizo pia zinazomlipa mpishi, bawabu na wale walimu walioajiriwa na halmashauri ya shule kwa sababu TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, haikuleta wa kutosha. Mpishi wa shule ya Mombasa naye ana kodi ya nyumba mtaa wa Bangladesh au Mishomoroni, na mwenye nyumba wake hangoji muhula uishe. Mfanyabiashara aliyeleta magunia ya maharagwe kwa mkopo hukaa pale kwenye benchi nje ya ofisi tangu saa mbili asubuhi, bahasha mkononi, na mwalimu mkuu akipita anaamkia kwa haraka akielekea upande mwingine. Tukisema “toeni vyeti” tukanyamaza hapo, tumemtetea kijana kwa kumwacha huyu wa benchi na mpishi.

Tena wapo wazazi wenye uwezo wanaotega. Nani asiyewajua? Gari liko, harusi ya binti mkubwa ilifanywa siku tatu, lakini karo ya mdogo “tutaona”. Kwa mzazi wa aina hii mtoto akishafanya mtihani hadaiki tena. Mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, ameshatoka. Hawezi kunyimwa ripoti ya muhula. Kilichobaki mkononi mwa shule ni kile cheti.

Hizo ndizo hoja za shule, na sioni aibu kusema zina uzito kuliko wanaharakati wengi wanavyozipa. Lakini ukizifuata mpaka mwisho zinajikwaa.

Mzazi mwenye uwezo, akiambiwa cheti hakitoki, atafanya nini? Atalalamika, atapiga simu kwa mjumbe wa halmashauri anayemfahamu, kisha atalipa, maana mtoto anataka kuendelea. Mara nyingi hayo yatamalizika mwaka huohuo. Kwa hiyo kabati lenyewe linachuja watu. Wenye nacho wanachukua vyao mapema. Ukirudi baada ya miaka mitatu, minne, utakuta vyeti vya yatima, vya watoto waliolelewa na bibi, vya wale ambao baba alikufa wakiwa kidato cha tatu. Hao huwezi kuwabana wakatoa fedha ambazo hazipo. Kabati lililokusudiwa kuwakamata wakaidi limebaki na maskini watupu, na deni halijapungua hata shilingi.

Mombasa ina sababu zake za kuwa na watu wa namna hiyo wengi. Reli ya SGR ilipoanza kupakia makontena bandarini mwaka 2018 na kuyapeleka Nairobi, kazi za malori, bohari na vibanda vya chakula huku Changamwe na Miritini zilipungua. Miaka miwili baadaye korona ikafunga mahoteli. Mtoto aliyeingia kidato cha kwanza baba akiwa dereva wa lori alimaliza baba akiwa anakodi bodaboda ya mtu. Karo haikubadilika. Nyumba kama hiyo haikutega mtu.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Likoni ni wa kundi hili. Karatasi yake ya matokeo ameitia plastiki ngumu duka la kompyuta karibu na kivuko, na jua limeanza kuufifisha wino upande wa alama. Ana D+. Deni la shule lilikuwa la alfu thelathini na kitu, mama yake anachoma mishikaki jioni, na kila alichopeleka shuleni alipewa risiti bila cheti. Siku ya kuandikisha makurutu wa polisi alipanga foleni tangu alfajiri. Urefu alikuwa nao, mbio alikimbia. Akaulizwa cheti halisi, akatoa ile plastiki, akaambiwa asogee pembeni.

D+ yake inafungua mjadala ambao naona haujapewa nafasi. Tunapozungumzia vyeti tunamfikiria aliyepata A, aliyefungiwa mlango wa udaktari. Lakini huyo ndiye mwenye njia nyingi. KUCCPS, idara inayowapangia wanafunzi vyuo, ina matokeo yake kwenye mtambo, chuo kikuu aghalabu humpokea kwa karatasi ya matokeo, mkopo wa masomo wa HELB anaomba, na shule yake iliyobandika picha yake getini itaona haya kumzuilia. Katika mtihani wa 2024 waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya 700,000. Hawa ndio wanaokwenda kuomba kazi ya ulinzi, ya polisi ambako alama ya chini ni D+, ya hoteli, ya meli, ya nchi za Ghuba. Huko mwajiri hana mtambo wa kuangalia matokeo wala hana muda. Anataka karatasi yenye mhuri. Kadiri alama ilivyo ndogo ndivyo cheti halisi kinavyohitajika zaidi. Basi adhabu hii inampata zaidi aliyepata kidogo, ambaye pia ndiye mwenye uwezekano mdogo wa kulipa kama hakupata kazi. Unamfungia kazi, kisha unamdai fedha ambazo angezipata kwenye ile kazi. Hesabu hii hata mhasibu wa shule hawezi kuitetea.

Wengine husema cheti ni rehani, shule inashikilia mpaka ilipwe. Watu wa Mombasa wanaijua rehani vizuri, wengi wamefunzwa masharti yake madrasa kabla ya kuyaona sokoni. Rehani huwekwa na mwenye mali, kwa kukubali kwake, kwa deni analolijua. Cheti ni cha mtoto, na deni ni la mzazi. Mtoto hakuweka kitu wala hakukubaliana na mtu, na siku karo ilipopangwa alikuwa na miaka kumi na minne. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mtoto asikataliwe shule kwa kukosa malipo ya ziada. Kumruhusu asome, afanye mtihani, kisha umnyime ushahidi kwamba alisoma, ni kumkataza kwa mlango wa nyuma.

Sasa hoja ngumu ya mwisho: vyeti vikitolewa vyote, wale wazazi wanaotega watajua shule haina meno, na mwakani wataongezeka. Hili siwezi kulipuuza. Wataongezeka. Swali ni kama shule haina njia nyingine, na ninavyoona inayo, ila haijaizoea. Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ipo Mombasa pia, inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, haikulazimishi kuweka wakili, na imepewa siku 60 kuamua. Deni la karo la mzazi mmoja linaingia humo likazama. Mdaiwa anayeitwa ni mzazi, na mwenye gari atalipa kabla ya siku ya kutajwa kesi. Asiye na kitu atakwenda kuonyesha hana kitu, na hapo patawekwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kulingana na kipato. Walimu wakuu hawaipendi njia hii. Inakula muda, na kumshtaki mzazi kunaleta maneno mtaani, siasa zinaingia, mjumbe wa wadi anapiga simu. Kufunga kabati hakuna kelele, na ndiyo sababu linafungwa. Kazi chafu amebebeshwa asiye na wa kumpigia simu.

Basari nazo hazisaidii sana hapa. Za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, na za kaunti huwalenga walio darasani, aliyemaliza hana pa kujaza kwenye fomu. Za kaunti zenyewe ziliyumba Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti alipozitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kutoa fedha, kwa kuwa katiba imezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si shule za upili. Zikawa mahakamani, watoto wako nyumbani. Kama kuna mdaiwa wa kubanwa kwa nguvu zote ni huyu wa Nairobi anayeahidi 22,244 na kupeleka pungufu. Chama cha walimu wakuu kingetumia makabati hayo kama hoja mbele ya Hazina, kingekuwa na wazazi nyuma yake. Kwa sasa kina wazazi mbele yake, wamekasirika.

KCSE ya mwisho inatarajiwa 2027. Wanafunzi wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026 katika majengo yaleyale, kwa karo ambayo bado inalipwa kwa shida ileile, na sijasikia mtu akisema ofisi za wahasibu zitapewa mfumo mwingine wa kudai. Kwa aliye na cheti kabatini leo, asingoje mtaala. Aandike barua kwa mwalimu mkuu, ataje kifungu cha 10 cha Sheria ya 2012, nakala aipeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yake, Likoni, Jomvu au kwingineko, na ile anayobaki nayo ahakikishe imegongwa mhuri wa kupokewa. Mzazi naye aende siku hiyohiyo na pendekezo lake la malipo kwa maandishi, hata kama ni Sh500 kwa mwezi.