Mkishawakamata, kisha iweje?

Habari ya msako wa usiku imetaja idadi ya dada poa, yaani wanawake wanaouza ngono, waliokamatwa, lakini hakuna mstari hata mmoja kuhusu wanaume waliokuwa nao. Sweden tangu 1999 anayeshtakiwa ni mnunuzi, siyo anayeuza. Unaweza kuupinga mfano huo, ila angalau unamgusa mwenye pesa.

Hapa Tanzania dada akipigwa faini anakopa wapi? Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Jirani yangu, mama wa watoto wawili, wakopeshaji walikuja kumbebea jiko la gesi na godoro kwa sababu ya rejesho la wiki. Alikuwa ameshaacha kujiuza, anauza maandazi. Akarudi barabarani.

Mikopo ya halmashauri ipo, haina riba, na asilimia 4 ya mapato ya ndani ni ya wanawake. Lakini lazima uwe na kikundi kilichosajiliwa, katiba, akaunti ya benki. Nani atampokea kwenye kikundi wakati mtaa mzima umemwona akipandishwa kwenye karandinga? Wakuu wa wilaya, badala ya kamera za waandishi nendeni na afisa maendeleo ya jamii, muwasaidie wasajili kikundi chao wenyewe.