Kasete za Goma: anayebana haui picha

Hapa Goma, mwenye kasete za zamani za televisheni, awe mtangazaji mstaafu au mpiga video wa harusi, akishazihamishia kwenye kompyuta hukutana na swali lile lile: aziache zilivyo, au azibane ziwe faili ndogo? Vijana wanaobana huambiwa wanaua picha. Nimefanya kazi na pande zote mbili, na naona vijana wanaonewa.

Wanaokataa wana ukweli wao. Ahadi ya "kubana bila kupoteza ubora" si sahihi ikisemwa hivyo hivyo. Kodeki (njia ya kubana na kufungua video) isiyotupa hata pikseli moja ipo, FFV1, lakini ukiipa kasete ya DV, yaani ya kamera za dijitali za zamani, mara nyingi hutoa faili kubwa kuliko uliyoanza nayo. Ukitaka faili ndogo kweli, kuna kitu kitatupwa, na kilichotupwa hakirudi. Samaki wetu sambaza akikauka, ukimloweka anafura, haogelei. Wanasema pia kwamba disiki zinazidi kushuka bei, na kwamba miaka kumi ijayo zitakuja programu bora zitakazohitaji faili asilia. Sawa, kwa mtu mwenye uhakika wa miaka kumi ya utulivu.

Lakini hiyo asilia wanayoilinda ni nini? Kamera ya DV ilishaibana picha takriban mara 5 kabla haijafika kwenye utepe. Tena iliibana kila fremu peke yake. Mtangazaji akisoma habari mbele ya pazia la buluu, pazia hilo huandikwa upya mara 25 kila sekunde, kana kwamba halijawahi kuonekana. H.264, kodeki iliyotoka mwaka 2003, huliandika mara chache tu, kisha hufuata midomo na mikono. Mrithi wake, H.265 ya mwaka 2013, hufanya hivyo kwa ustadi zaidi, ingawa hudai kompyuta yenye nguvu na saa nyingi za umeme, na kwetu kila mtu anajua jinsi kazi ya usiku kucha inavyokatika saa tisa alfajiri. Sehemu kubwa ya uzito unaoondolewa, basi, ni marudio.

Tufanye hesabu, maana kwangu mabishano yanaamuliwa hapa. Saa moja ya DV inakula gigabaiti 13 hivi. Saa hiyo hiyo kwa H.264, kwa megabiti 3 kwa sekunde, ni kama gigabaiti 1.35. Disiki ya terabaiti 1 inabeba saa zipatazo 75 za DV. Za kubanwa inabeba zaidi ya 700. Mwenye kasete 200 za saa moja anahitaji disiki 3 ili awe na nakala moja ya DV. Kwa disiki zile zile 3 angekuwa na nakala tatu kamili zilizobanwa: moja nyumbani, moja kwa ndugu Bukavu, moja ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Nimeona disiki ya familia moja ikidondoka sakafuni, imejaa faili asilia, bila nakala nyingine popote. Haikuwaka tena.

Tarehe 22 Mei 2021 volkeno yetu, Nyiragongo, ililipuka. Siku tano baadaye amri ikatoka kwamba sehemu kubwa ya mji ihame. Watu walishika njia ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani na watoto mgongoni. Nani angebeba sanduku la kasete siku ile? Disiki inaingia mfukoni. Na mwaka 2002, lava ilipopita katikati ya mji, kasete iliyokuwa ndani ya nyumba ilikwenda na nyumba. Ninapomsikia mtu akilaumu faili ndogo kwa sababu ukingo wa herufi za jina la mtangazaji umelegea kidogo, natamani aiweke hasara hiyo kando ya ile ya 2002 kisha aseme tena.

Kubana kuna ubaya wake, ila mara nyingi ubaya ni wa mkono wa mbanaji. Televisheni ya zamani ilirekodi kwa mistari ya kupokezana, witiri kwa zamu yake na shufwa kwa zamu yake: nusu picha 50 kwa sekunde. Programu ikiachwa ijiamulie, mara nyingi hutupa nusu ya hizo 50, na wacheza ngoma wa harusini huonekana wakikatika badala ya kutiririka. Zitunze zote 50. Bana mara moja tu, kutoka kwenye faili iliyotoka kwenye kasete, kamwe si kutoka kwenye ile iliyozungukazunguka kwenye simu za watu. Kwa anayetumia x264, programu ya kutengeneza faili za H.264, namba ya ubora ikiachwa huwa 23, na namba ikiwa ndogo ubora huwa mkubwa. Ishushe hadi 18. Faili itaongezeka, pengine karibu mara mbili, lakini jicho litaridhika.

Kuna picha ambazo mimi mwenyewe sizibani: moshi wa Nyiragongo, mawimbi madogo ya Ziwa Kivu upepo ukivuma, na zaidi ya yote ule wekundu wa mlima usiku. Kodeki hutegemea kitu kilichotulia, na maji hayatulii. Nao wekundu unaofifia taratibu kuelekea gizani hugeuka mikanda mipana, kama ngazi. Kasete zangu za namna hiyo hazifiki kumi na mbili. Zimebaki DV, kwenye disiki mbili. Nyingine zote, harusi, misa na taarifa za habari, nimezibana, na nakala zake ziko Bukavu.