Kuhara kumekoma, lakini Kendwa isubiri kwanza

Anayezunguka Zanzibar na begi mgongoni akishikwa na tumbo, lawama ya kwanza huiangukia Forodhani, soko la chakula cha usiku la Mji Mkongwe. Jana usiku alikula mshikaki wa pweza, leo anahara, kesi imefungwa. Mara nyingi inafungwa haraka mno, maana saa nazo zinatoa ushahidi. Chakula kilichokaa nje mpaka bakteria wakaacha sumu ndani yake hukugeuza mapema, kati ya saa 1 na 6, na kwa kawaida kutapika hutangulia. Norovirusi, virusi vya tumbo ambavyo hupita kwenye mikono, vyoo na bilauri, huchukua saa 12 hadi 48. Bakteria E. koli anayeharisha wasafiri, na huyu ndiye mkosaji wa mara kwa mara kuliko wote, huchukua siku 1 hadi 3. Kwa hiyo aliyekula Forodhani saa mbili usiku akaanza kutapika saa sita ana haki ya kulalamika. Aliyeanza kuhara kesho yake jioni aikumbuke kwanza feri, choo cha hosteli, na juisi ya juzi huko Dar.

Hata pale Forodhani penyewe, hatari haijagawanywa sawa. Mishikaki ya ngisi, kamba na pweza iliyopangwa chini ya taa mara nyingi imeshapikwa mapema, na ukiagiza inapashwa tu. Ikirudi kwako vuguvugu, irudishe jikoni. Ikiwa moto hadi katikati, kula. Pizza ya Zanzibar inatandazwa, inajazwa na kukaangwa mbele ya macho yako, hivyo naiamini zaidi, ila sema wasitie mayonezi. Ninachokiogopa mimi ni kile ambacho watu wanakiona salama: juisi ya miwa yenye barafu. Muwa hauna kosa. Kosa liko kwenye barafu ya maji yasiyojulikana, kwenye kichujio kilichoshinda joto jioni nzima, na kwenye ndoo moja inayosuuzia bilauri zote.

Sasa tumbo limeshachafuka. Siku ya kwanza kazi ni moja tu, kunywa, na hapo ndipo watu wanapokosea kwa jambo dogo kabisa. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, imepimwa kwa lita 1. Msafiri ana chupa ya nusu lita mkononi, anamimina pakiti nzima humo, anapata kitu chenye chumvi maradufu, anakitapika, kisha anasema ORS haimfai. Nunua chupa ya lita 1.5, punguza theluthi moja, ndipo utie pakiti na kutikisa. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Kila ukitoka chooni kunywa mililita 200 hadi 400, yaani glasi moja hadi mbili. Ukitapika, pumzika dakika 10, halafu anza upya kwa kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Inachosha, lakini ndiyo inayokaa tumboni.

Duka la dawa likiwa limefungwa, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Onja. Ikizidi machozi kwa chumvi, anza tena. Sukari hapo si ya kukupa nguvu: ndiyo inayoivusha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata nyuma yake. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na ndiyo maana soda ya kola inaharibu. Ina zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita wakati ORS ina gramu 13.5, na sukari yote hiyo huvuta maji kuyaingiza utumboni, kuhara kukaongezeka. Dafu liko katikati, potasiamu ipo ya kutosha, sodiamu ni chache. Linywe, pamoja na kitu chenye chumvi.

Kuhusu dawa, nina ugomvi wa siku nyingi na Flagyl. Pwani nzima ukisema "tumbo" kaunta ya dawa inakupa Flagyl kama vile ni peremende. Metronidazo, ndiyo Flagyl yenyewe, ni dawa ya vimelea vya amiba na giardia. Kwa E. koli wa wasafiri haifanyi kitu, na kwa virusi haifanyi kitu, ila itakuachia ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu juu ya kile ulichokuwa nacho. Isitoshe, maelekezo yake yanakukataza pombe siku zote za dozi na siku 2 hadi 3 baada ya kidonge cha mwisho. Kwa mtu aliyekuja kwa siku 7, amejifungia safari yote kwa dawa ambayo huenda hakuihitaji. Kama kuhara kunafika wiki mbili bila kuisha, hapo nenda kapime choo, na Flagyl huenda ikawa jibu.

Loperamide, dawa ya kuzuia kuhara, ina mahali pake, nami sioni aibu kuitetea. Daladala ya kutoka mjini kwenda Nungwi inatembea zaidi ya saa moja, imejaa, na haina choo. Vidonge 2 vya miligramu 2 kabla ya kupanda, kisha kimoja kila ukihara tena, visizidi 4 kwa siku bila daktari. Lakini ikiwa kuna damu au homa, usiiguse, maana utakuwa unafungia adui ndani.

Homa yenyewe ni jambo la kusimamisha kila kitu. Malaria nayo inaweza kuanza kwa kutapika na kuhara, na aliyetoka bara wiki mbili zilizopita asijidanganye kwamba ni pweza. Kipimo cha haraka cha kidole kinatoa jibu kwa robo saa hivi. Damu kwenye choo, kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, kizunguzungu ukisimama, au kutwa nzima bila kinywaji kukaa tumboni: hospitali ya Mnazi Mmoja kama uko mjini, ya Kivunge kama uko kaskazini, na si kesho.

Chakula kirudi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kufunga hakuponyi. Uji mwepesi, wali mweupe, mbatata za kuchemsha, ndizi mbivu, supu ya kuku iliyoenguliwa mafuta. Maziwa yaache kwa siku kadhaa, kwa sababu kuta za utumbo zilizochubuka hupoteza kwa muda uwezo wa kusaga sukari ya maziwa, na chai ya maziwa ya asubuhi inaweza kukurudisha chooni ukadhani umeugua upya. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa wa hosteli ana shida mchana, migahawa mingi ikiwa imefungwa. Weka akiba chumbani tangu usiku, ule humo humo ndani. Magharibi ikiingia, uji wa futari ni tiba tosha.

Tufike kwenye usiku, maana ndiko roho iliko. Kipimo changu ni hiki: saa 24 bila kuhara, milo 2 iliyokaa, na mkojo uliorudi kuwa wa njano hafifu. Ukiwa navyo vyote, toka, lakini utoke kwenye usiku wa kukaa. Mji Mkongwe umejaa usiku wa namna hiyo. Jaws Corner kuna baraza, dhumna na siasa, na kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kuliko yai. Kikombe hicho kunywa nusu yake tu, kwani kahawa huuamsha utumbo. Penye chai ya tangawizi, chukua hiyo. Taarabu unaisikiliza ukiwa umekaa kitini. Forodhani nenda ukatembee, ule chapati ya moto, urudi.

Kendwa, ufuo wa kaskazini wenye sherehe ya mwezi mpevu, na pombe yake nazipa saa 48 tangu mara ya mwisho kuhara. Pombe huufanya mwili utoe maji mengi kwa mkojo, na wewe deni la maji bado hujalimaliza. Ngozi ya ndani ya utumbo nayo ndiyo kwanza inajijenga upya. Juu ya hayo weka saa tatu za kucheza mchangani kwenye joto la pwani, jasho likitiririka. Kwa hiyo kabla ya kutoka kunywa nusu lita ya ORS, na nusu nyingine iwe kando ya kitanda ukirudi. Bia moja ya chupa, polepole, na glasi ya maji baada yake. Konyagi ina asilimia 35 ya kilevi, tumbo bichi halistahili. Kibaya kuliko vyote kwa usiku huo ni pinakolada: krimu, sukari na barafu ndani ya glasi moja, yaani makosa yote ya wiki kwa bei ya juu. Kitanda cha kulala kaskazini kipange mchana, kwa sababu daladala ya kurudi mjini alfajiri usiitegemee. Mwezi mpevu ukikupita, mwingine uko siku 29 na nusu mbele.

Jambo la adabu: kama ulikuwa na norovirusi, bado unavitoa hata ukijisikia mzima. Mrija wa shisha usiupitishe, bilauri usiichangie, na usiwapikie wenzako wa hosteli kwa hizo saa 48. Jeli ya mikono haiviwezi sana. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kazi yake. Na kwa wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Kuhara sana kwa zaidi ya saa 24 kuhesabu kama vidonge ulivyokosa, utumie kondomu siku 7 baada ya tumbo kutulia. Usiku wa Kendwa una njia nyingi za kukutuma hospitali.

Urojo uwache wa mwisho kabisa, walau siku 5. Najua unavyonukia ukipita. Lakini lile bakuli lina uchachu wa embe mbichi, pilipili, bajia za mafuta na chatne iliyokaa mezani tangu adhuhuri. Siku ukiurudia, nenda mapema jiko linapofunguliwa, uombe usitiwe chatne, na pilipili ujitilie mwenyewe.